Nyuki wa Udongo na Mashavu ya Panya Buku

Mwezi uliopita, mvua ilipopumzika kidogo, nilitoka uani kumwaga maji nikaviona vishimo. Vilikuwa vidogo, kila kimoja kinatosha ncha ya kidole, na pembeni ya kila kimoja kuna kilima cha udongo laini kama unga uliochekechwa. Mjukuu wangu alikuwa ameshashika fagio. Nilimkataza kwa sauti ambayo hajaizoea kutoka kwangu, akaenda zake amenuna. Nikavuta kigoda, nikakaa. Sisi wa umri huu hatuna kazi nyingi zinazotusubiri, na nyuki akichimba anatazamika.

Nawaita nyuki wa udongo kwa sababu ndivyo tulivyowaita. Hawana mzinga wala asali ya kurina, wala hawaishi kwa kundi. Uwanja mmoja unaweza kujaa mashimo yao, lakini kila mmoja anachimba lake, anaingia lake, na jirani yake hamjui. Anakwenda porini, anarudi miguu imejaa unga wa njano wa maua, anazama shimoni. Anatoka mtupu, anakwenda tena. Nilipokuwa mtoto nilidhani hakuna mama bora duniani kuliko huyo. Na nilidhani hakuna mnyama mwenye roho mbaya kuliko panya buku. Nilikuwa na sababu zangu, na sababu zote mbili zilikuwa ndani ya nyumba yetu.

Nyumba hiyo ilikuwa Kituntu, katika nchi ya Wanyambo. Baba alikuwa na duka la nguo za merikani na kaniki, shanga na chumvi. Ukoo wake ulitoka pwani, yeye mwenyewe alikulia Tabora, akapanda huku na misafara ya pembe za ndovu, akaona nchi ina ubaridi mzuri, hakurudi. Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza tulimwita Bi Mkubwa. Alikuja naye kutoka Tabora, mwanamke mrefu, mwembamba, anayesali sala zake zote kwa wakati na kulalamikia kila chakula kisichokuwa wali. Ndizi alizila miaka yote ile kama mtu anayekunywa dawa. Hakujaliwa mtoto. Wa pili alikuwa mama yangu, Mnyambo wa Isingiro, ambaye Baba alimwoa akampa jina la Asha. Mama alinizaa mimi, akazika wawili waliofuata, kisha akamzaa Sudi. Na Sudi alizaliwa wakati wa vita.

Vita vyenyewe sikuviona. Wadachi na Waingereza walipigana huko upande wa mto, sisi tukawa tunaona watu wanaopita na kuchukua. Wa kwanza walichukua mbuzi. Waliofuata walichukua mtama ghalani. Wa mwisho walikata mikungu ya ndizi ambayo haijakomaa, wakaichoma na kuila hivyo hivyo, na kibanja chetu cha migomba kikabaki majani matupu. Baba alichukuliwa pamoja na wanaume wengine kubeba mizigo ya jeshi. Alivaa kanzu yake ya safari akatuambia tufunge duka vizuri. Hakurudi, na hakuna aliyetuambia kaburi lake liko wapi. Mvua za msimu ule zilikuja kidogo na kwa kuchelewa. Porini maua yalichanua, nayakumbuka, ya njano na meupe, ila mtu hali maua.

Maziwa ya Mama yalikauka. Naweza kuliandika hilo kwa urahisi sasa, lakini sauti ya Sudi akinyonya pasipo kitu sijaisahau. Alikuwa bado hajatambaa. Alilia kwanza kwa hasira, baadaye kwa uchovu, mwisho akawa halii, anatazama tu. Hapo ndipo Mama alipoacha kulala. Nikamsikia jikoni akizungumza na Bi Mkubwa, mimi nimejibanza nyuma ya mlango na kuni zangu.

"Dada, kwetu Isingiro migomba imesimama. Na kaka yangu alificha ng'ombe. Nikifika nitarudi na unga na samli."

"Na mtoto utambeba?"

"Njiani kuna baridi, kuna askari. Atanifia mgongoni."

Bi Mkubwa alichokoa majivu. "Basi mwache," akasema. "Lakini ukimwacha, mwachie cha kula."

Siku zile Mama alikuwa haonekani nyumbani. Alikwenda mabondeni kwenye vibanja vya watu waliohama, akarudi na ndizi mbichi chache kwenye kikapu, akaondoka tena. Alizimenya, akazikata vipande vyembamba, akazianika juu ya mkeka mpaka zikawa ngumu kama gome la mti. Nilikaa uani kuwafukuza kuku wa majirani wasizidonoe, na kando ya mkeka walikuwepo nyuki wa udongo wakiingia na kutoka. Nikaona wao na Mama wanafanya kazi moja. Mama alizijaza ndizi kwenye chungu, akafunika kwa jani la mgomba, kisha akaziba mdomo wote kwa udongo mbichi, akiulainisha kwa kidole gumba kuzunguka pande zote ili wadudu wasipate njia.

"Zaina," aliniambia asubuhi aliyoondoka, "chungu hiki ni cha mdogo wako. Mtu asikiguse ila kwa ajili yake."

Alimlaza Sudi kitandani, akamfunika vizuri, akatoka. Hakugeuka nyuma. Nilisimama kwenye njia ya kibanja nikitazama mgongo wake mpaka migomba ikauficha. Sikulia. Nilijivuna, nataka mnielewe, nilijivuna kama mtoto ambaye mama yake ametumwa na mfalme. Mama amekwenda kutafuta, na atarudi amesheheni.

Tukabaki na Bi Mkubwa na funguo zake kiunoni. Sudi akahamishiwa chumba cha ndani, kwa sababu Bi Mkubwa aliogopa jicho. Mtoto aliyekonda, alisema, macho ya watu yanamaliza kilichobaki. Mimi nikawa natumwa nje kutwa, kuokota kuni, kuchuma mboga za porini, kuchota maji, na nilipochungulia chumba kile nilifukuzwa. Halafu akatangaza kwamba amefunga. Alikuwa na siku zake za Ramadhani za kulipa, alisema, na kwa kuwa chakula chenyewe hakipo, huu ndio wakati wa kuzilipa. Alifunga siku hiyo, akafunga kesho yake, akafunga wiki iliyofuata.

Jirani yetu Kagemulo, mjane wa Kinyambo mwenye kicheko cha kusikika mabondeni, alimtania. "Bi Mkubwa, huyo Mungu wenu anadai sana."

"Namlipa polepole," Bi Mkubwa akajibu.

Kagemulo huyo ndiye aliyenionyesha panya buku. Chini ya kilima chetu palikuwa na msitu mnene unaofuata kijito, na wakati wa njaa watu wa kwetu walijua kwenda kule kumtafuta huyo panya, kwa sababu akiba yake huwa haichukuliwi na jeshi. Kagemulo aliniomba nimfuate nikamshikie kikapu. Alipopata shimo alitia kijiti kirefu ndani, akasikiliza kwa mkono kinapopinda, akachimba hapo kwa jembe fupi, kisha akatia kijiti tena. Chini mle mlikuwa na nyumba kamili. Palikuwa na chumba cha kulala chenye majani makavu, chumba cha uchafu, na mbele zaidi chumba cha chakula, kokwa za msituni, mtama na maharage ya watu. Panya mwenyewe akachomoka akapita katikati ya miguu yetu, mkubwa kama paka, mkia wake mrefu mweusi una ncha nyeupe, mashavu yamevimba kama ana jipu kila upande. Kagemulo alimpiga kwa mpini wa jembe. Halafu akayabinya yale mashavu kutoka nyuma kuja mbele, na maharage yakamwagika kiganjani mwake, makavu, mazima, hata moja halikuumwa.

"Mwizi huyu," nikasema.

"Mwizi amenitunzia," akasema Kagemulo, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikamsikia akicheka.

Nyama alikwenda nayo kwake, kwetu panya hafiki jikoni. Maharage alitugawia. Bi Mkubwa aliyaosha, akamwaga maji, akayaosha tena na tena, midomo yake ikitembea, mpaka nikadhani yataisha kwa kuoshwa. Mwisho akayabandika.

"Panya ni haramu, na maharage yake je?" Kagemulo aliuliza kutoka mlangoni, akijua anachokifanya.

"Maharage ni ya Mungu," Bi Mkubwa akasema. "Panya alikuwa mpagazi tu."

Tulicheka wote, hata yeye. Usiku ule nilikula nikashiba kidogo, na Bi Mkubwa alifuturu kwa kijiko kimoja na maji mengi, akasema tumbo lake siku hizi limekuwa dogo.

Haikupita muda nikamwona. Nilirudi na kuni mapema kuliko nilivyotarajiwa, jua liko katikati, naye anatoka ghalani. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Taya zilikuwa zinasaga polepole, kwa makini. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa," na yeye, ambaye hajawahi kuacha salamu bila kuijibu kwa ukamilifu wake, akatikisa kichwa tu, akageuza uso, akaingia chumba cha ndani na kujifungia. Nilikwenda ghalani nikatazama chungu cha Sudi. Udongo aliozibia Mama ulikuwa umevunjwa.

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu hivyo tena. Mwanamke anayesema amefunga, anakula mchana. Anakula chakula cha mtoto mchanga, ambacho mama yake alikiziba kwa kidole chake mwenyewe. Nilimpa jina moyoni: panya buku. Kila nilipomwona anatoka ghalani na mashavu yale nililirudia jina hilo kimya kimya mpaka likawa kama wimbo wa kutwangia. Nikaipanga dunia yangu sawasawa. Mama yangu ni nyuki wa udongo, anahangaika juani, anarudi na kuweka, haonji hata chembe. Bi Mkubwa ni panya buku, anakaa gizani juu ya jasho la wengine. Wa kumshtakia hakuwepo, kwa hiyo nilimngoja Mama.

Nilimngojea pale pale uani, kando ya mashimo ya nyuki. Watu wa kijiji cha Songambele waliopita walisema njia ya Isingiro imefungwa kwa ajili ya vita, na kwamba huko kuna maradhi. Habari za mtu mmoja mmoja hawakuzijua. Na nyuki wenyewe walianza kupungua. Niliona mmoja anasukuma udongo kwa kichwa kuziba mlango wake, anausawazisha, kisha akaruka na sikumwona tena. Siku nyingine nilimkuta mmoja amekufa juu ya ardhi, mbawa zake zimechanikachanika kama nguo ya zamani. Halafu hapakuwa na nyuki kabisa. Nilijiambia wamo ndani, wamejifungia na watoto wao, wanakula walichoweka. Nikataka kuwaona wakiwa pamoja. Nilichukua kijiti nikachimba kama nilivyomwona Kagemulo akichimba, taratibu, nikifuata njia.

Chini kabisa nilikuta chumba kidogo, kuta zake laini na zinang'aa. Ndani mlikuwa na donge la njano ukubwa wa punje ya choroko, na juu ya donge funza mmoja mweupe, amejikunja, anakula. Nilitafuta mama yake. Nilichimba pembeni, nikachimba chini, nikavunja na shimo la jirani, na huko nako nikakuta donge na funza, basi.

Kagemulo alikuwa anapita na mzigo wa majani. Nilimwita.

"Mama yake huyu yuko wapi?"

Aliinama akatazama. "Huyo hana mama. Mama alimwekea hicho, akaziba, akaenda. Hicho chakula ndicho mama yake."

"Atarudi lini?"

Kagemulo alitua mzigo wake. Alinitazama usoni, nadhani ndipo alipoelewa ninauliza habari za nani. "Rudishia udongo, mwanangu," akasema. "Usimwache juani."

Sikurudishia. Nilishikwa na hofu ambayo sikuijua jina, nikakimbilia ndani. Nilitaka kumwona Sudi, nilitaka kumwona sasa hivi, nikausukuma mlango wa chumba cha ndani bila kubisha.

Bi Mkubwa alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, na Sudi amelala juu ya mapaja yake. Shavu lake lilikuwa limejaa. Alitafuna mpaka akaridhika, akainama, akautoa uji ule mdomoni kwa ncha ya kidole na kuutia mdomoni mwa mtoto. Sudi alimeza huku amefumba macho. Akapanua mdomo tena, na Bi Mkubwa akamtilia tena, mpaka shavu likawa tupu. Kisha akachukua kibuyu cha maji, akasukutua, akatema kwenye majivu. Akasukutua tena, akatema. Akafuta ulimi kwa pembe ya kaniki yake, kwa bidii, kama anayefuta doa. Ninyi mliowahi kufunga siku ndefu mnajua maji yakiwa mdomoni yanavyoita.

"Funga mlango," akasema. "Upepo."

Nilifunga, nikabaki ndani. "Unasema umefunga."

"Nimefunga."

"Unatafuna."

"Natwanga tu. Kinu changu ni meno. Mtu hafungui mpaka ameze." Alichukua kipande cha ndizi kavu kutoka kwenye kibakuli akanipa. "Jaribu."

Nilijaribu. Taya ziliuma kabla hakijalainika, na kilipolainika kikawa kitamu mno, kikateremka chenyewe kabla sijakizuia. Bi Mkubwa aliona. Hapo nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu Mama aondoke. Mifupa ya shingo ilikuwa imemtoka. Bangili zake, ambazo zamani hazikuvuka kiwiko, zilikuwa zinapanda mpaka karibu na bega. Nililia, naye akadhani ninalia njaa, akaniambia nivumilie mpaka magharibi.

Tangu siku hiyo sikumwita jina lile tena, au nililiita kwa maana nyingine. Maana panya buku naye, mkimfikiria, hali shambani. Anayapokea maharage kwa mdomo na hayaumi, anayabeba mazima kwa safari yote ya hatari, na anapofika shimoni anabaki humo na alichokibeba. Nyuki wa udongo ni mchapakazi, simpunguzii hata kidogo. Lakini akishaziba mlango hajui tena kama aliyemo ndani anaishi au la. Simlaumu mama yangu kwa kufikiri hivi. Alikuwa hana maziwa, alikuwa hana mume, na njia aliyoiona ilikuwa moja. Ila ndizi zile alizomwachia mtoto asiye na meno, ningependa kujua alipozikausha alikuwa anamwona nani anazila. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mvua zikaja nyingine, nzuri zaidi. Migomba ikatoa. Sudi akatambaa, akasimama akishika ukuta, mashavu yakamjaa, akawa mzito wa kuniumiza kiuno. Bi Mkubwa aliacha kufunga, akaanza tena kulalamika kwamba ndizi si chakula cha watu, na mimi nilifurahi kusikia malalamiko hayo kuliko kisomo chochote.

Asubuhi moja, tumekaa barazani, Sudi amepakatwa na Bi Mkubwa, nikaona mtu anakuja kwenye njia ya kibanja na mzigo kichwani. Alikuwa amenyoa nywele, amekonda, anatembea kama aliyetoka kuugua. Nilimjua kwa mabega. Nilikimbia, akatua mzigo, akanishika kwa mikono miwili na kunibana. Kisha akaja mpaka barazani, akapiga magoti mbele ya Bi Mkubwa kama kwao wanavyomsalimu mkubwa.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umerudi, Asha."

"Niliugua. Kisha njia ikafungwa." Macho yake yakamwangukia mtoto, yakatulia hapo kidogo, akatabasamu kama mtu anavyotabasamia kitoto cha jirani. "Mtoto mzuri. Wa nani huyu?"

Mama akatazama pembeni, kwenye kibanja, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza kilio chake njiani.

"Wangu mlimzika upande gani, Dada? Nionyeshe nikakae hapo kidogo."

Bi Mkubwa alivuta pindo la kaniki yake akamfunika Sudi kichwa. Niliuona mkono wake ukifanya hivyo, na niliuona uso wake. Neno moja lingetosha, na lingeaminika, kwa kuwa mwaka ule kila nyumba ilikuwa na kaburi dogo kwenye migomba. Alikuwa amesubiri mtoto tangu Tabora. Sikujua atasema nini, na nadhani hata yeye hakujua. Kuku alipita barazani, akadonoa kitu, akaenda zake.

Kisha akaifunua ile kaniki. "Huyu ndiye Sudi," akasema. "Mpokee mwanao."

Mama alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kuanzia miguu. Alinyoosha mikono. Sudi alipiga kelele, akageuka, akaficha uso shingoni mwa Bi Mkubwa na kumkamata kwa vidole vyote. Bi Mkubwa alijaribu kumbandua, akambembeleza, akamwambia huyu ni mama, huyu ni mama yako. Mikono ya Mama ilibaki hewani kidogo, kisha akairudisha na kuikunja kifuani.

"Mwache, Dada," akasema. "Amezoea hapo."

Mama aliishi nasi mpaka mwisho wa maisha yake, katika nyumba ile ile. Alimpikia Sudi, alimfulia, alicheka utani wake, alimuuguza alipougua. Sikumwona hata siku moja akimpakata.